Adabu za Karani Nzuki

Nzuki Mulei alikuwa mtu wa kubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Atasimama pale kizingitini, kofia mkononi, anakuona na wewe unamwona, na bado atasubiri aambiwe karibu. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya shamba la mkonge la Kirwengo, nje ya Voi, na mara nyingi nilimwacha asimame makusudi. Nilikuwa na kazi, halafu adabu yake ilinichosha. Mtu akizidisha adabu unaanza kujiuliza anaogopa nini.

Jina langu Nasiha binti Kombo, mzaliwa wa Kaloleni, na kwetu tumelelewa kusema jambo likiwa bado moto. Haya ni ya mwaka wa 1996. Mimi sijapoa.

Nzuki alitoka Makueni mwaka wa 1989 na cheti chake cha kidato cha nne, hana mtu Kirwengo wala hana habari ya mkonge. Aliyempokea ni mwanamke wa huko kwao, Mama Mukonyo, mjane aliyefanya kazi kwenye mashine ya brashi. Pale ndipo nyuzi za mkonge zinaposuguliwa mpaka zing'ae, na vumbi lake linawaingia wanawake hadi kwenye kope. Mama Mukonyo alikuwa na chumba kimoja laini, yaani kwenye zile safu za nyumba za wafanyakazi. Alimtafutia kijana pa kulala kwa mlinzi jirani yake, na chakula akamwambia aje kwake. Nzuki alikula kwenye sufuria ya yule mama miaka miwili mizima. Ni yeye pia aliyemfuata nyapara na kumsumbua mpaka kijana akapewa kazi ya karani wa kupima marobota ya mkonge. Nzuki alimwita mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama mzazi, na hata alipooa na kupata chumba chake mwenyewe hakuacha kumwita hivyo.

Alikuwa na mkono mzuri wa kuandika. Watu wa laini walimwendea awaandikie barua za nyumbani, na barua zake zilikuwa na sifa, kwa sababu aliweza kumwombea mtu radhi kwa baba mkwe bila kumfanya aonekane mjinga. Kwa hivyo Januari ile meneja aliporudi kutoka mkutano Mombasa na wazo kwamba kila kampuni ya maana ina gazeti lake, jina la Nzuki lilitajwa kabla ya chai kupoa.

Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi mbili zilizokunjwa. Mimi napiga taipu kwenye stensili, halafu inazungushwa kwenye mashine ya saiklostaili, na wino unatuganda kwenye kucha mpaka Ijumaa. Liliitwa Sauti ya Kirwengo, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Nzuki, kila mwezi, aandike juu ya maisha ya wafanyakazi. Ni hapo Bwana Maundu alipoingia.

Bwana Maundu alikuwa afisa wa wafanyakazi. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama peke yake. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na sijawahi kumwona akimsaidia mtu. Alikaa siku mbili akatunga waraka uitwao Mwongozo wa Tabia Njema kwa Mwandishi Aliye Mwajiriwa, nami nikaupiga taipu. Mwandishi asiandike alichokisikia mlangoni kwa watu. Asimtaje mtu bila idhini yake, na akishamwandika amsomee, na mtu akishakubali, maneno yasibadilishwe nyuma yake. Asiandike umri wa mtu, wala kabila, wala dini. Malalamiko yana sanduku lake pale getini, yasiingie gazetini. Anaandika kama mwajiriwa, kwa hivyo akumbuke mkono unaomlisha. Na mwisho kabisa, atakayechapisha uongo ataachishwa kazi siku hiyo hiyo. Bwana Maundu aliniambia niupige mstari huo wa mwisho kwa herufi kubwa.

Nzuki aliuhifadhi wote kichwani. Sitanii. Ungemshtua usingizini angekutajia kifungu cha nne. Aliwahi kuandika juu ya mpishi wa kantini, sifa tupu, namna anavyopika maharagwe yakaiva bila kupasuka, na akamwendea mara mbili kuomba idhini kwa sababu mara ya kwanza mpishi alikuwa amelewa kidogo na Nzuki akaona idhini ya mlevi haihesabiki. Wanawake wa brashi walimwomba aandike habari ya lile vumbi, kwamba watu wanakohoa. Akawajibu kwa upole kwamba sanduku liko getini. Nilimwambia siku hiyo, "Nzuki, wewe ungeandikiwa mwongozo wa kupumua ungepumua kwa zamu." Akacheka kidogo, akashukuru kwa mazungumzo, akaenda zake.

Lakini watu walimpenda, lazima niseme. Jumapili gazeti lilisomwa laini kwa sauti, mmoja anasoma, kumi wanasikiliza, na aliyeandikwa mwezi huo alitembea wiki nzima amevaa nguo za kanisani. Hakuna aliyewahi kuwaandika wale watu isipokuwa kwenye rejista ya kazi.

Mwezi wa Julai akaamua kumwandika Mama Mukonyo. Naamini alitaka kulipa fadhila, na hakuwa na kitu kingine cha kulipia isipokuwa ukurasa wake.

Hapa nieleze jambo ambalo kila mtu Kirwengo alilijua na hakuna aliyelitamka. Mama Mukonyo alipokuja kuomba kazi mwaka wa 1974, mumewe amekufa na shemeji zake wameshagawana shamba, brashi ilikuwa haichukui mwanamke aliyepita miaka thelathini. Karani wa wakati huo alimtazama mikono, akamwuliza kama anaitaka kazi kweli, akamwandika amezaliwa 1948. Alimpunguzia kama miaka kumi. Wengi waliandikwa hivyo. Hata vitambulisho vipya vilipokuja, mwaka mmoja kabla ya haya, kila mtu alienda na mwaka ule ule ulioko kwenye kadi ya kampuni. Kustaafu Kirwengo ni miaka hamsini na mitano, na anayestaafu anatoa na chumba. Mama Mukonyo hakuwa na pa kwenda. Watoto wake watatu alibaki mmoja, Kiilu, aliyeingia Nairobi akamezwa huko. Kile chumba cha laini, chenye mlango wa bati na kitanda kimoja, ndicho kilichokuwa nyumbani kwake duniani. Alichokuwa akiomba ni kuachwa hapo mpaka nguvu zimwishe, na kwa hesabu ya kadi alikuwa bado na miaka saba.

Nzuki alikuwa anajua kwamba umri hauandikwi. Kifungu kipo. Kwa hivyo hakuandika umri. Alifanya wanavyofanya watu wa laini wanapozungumza kwa heshima juu ya mtu mzima: hawahesabu miaka, wanataja tukio. Aliandika hivi, na mimi naikumbuka kwa sababu niliipiga kwa vidole hivi:

Siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Mama Mukonyo alikuwa amesimama kwenye uwanja wa shule kwao, mtoto wa tatu mgongoni, wawili wamemshika kanga. Mikono iliyopiga makofi siku ile ndiyo inayosugua mkonge wetu leo.

Ni maneno mazuri. Nilipoyapiga mara ya kwanza nilitabasamu. Nilipofika mwisho wa ukurasa vidole vikasimama vyenyewe, nikarudi juu, nikasoma tena. Uhuru ni Desemba 1963. Aliyezaliwa 1948 ana miaka kumi na mitano. Mtoto wa tatu mgongoni.

Nikamwita Nzuki. Akabisha hodi.

"Hii ya bendera iondoe," nikamwambia. "Weka kitu kingine. Weka siku alipofika Voi, weka mvua, weka chochote."

Akasoma. Nilimwona akielewa, kwa sababu uso wake ulibadilika.

"Dada Nasiha, nilishamsomea," akasema. "Amefurahi sana. Alinifanya nimsomee mara tatu. Ameshakubali, na mtu akishakubali maneno hayabadilishwi."

"Basi mwendee tena umweleze."

"Nimwambie nini? Eti nimekosea kuandika maisha yake? Atafikiri namwonea haya. Na hakuna mtu atapiga hesabu, dada. Hiyo ni sifa tu."

Ningeweza kuiruka ile sentensi. Stensili ilikuwa mbele yangu, rangi ya kufutia makosa ilikuwa mkononi, na Nzuki angelalamika kwa adabu siku mbili halafu angenyamaza. Sikuiruka. Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia, nami nilitaka kwenda nyumbani, na nilimkasirikia, nikasema moyoni haya, ni yako. Nimebeba jambo hili tangu siku hiyo na sitaki mtu aniambie kwamba halikuwa kosa langu.

Gazeti likatoka. Mama Mukonyo alilibandika ukutani kwa uji wa unga. Wanawake wa brashi walimwimbia alipoingia kazini, na yeye asiyejua kusoma alikuwa akionyesha kwa kidole mahali penye jina lake, na alikuwa hakosei. Furaha hiyo ilidumu siku nne.

Siku ya tano Bwana Maundu alikuja kwenye meza yangu na gazeti lililopigwa mstari wa wino mwekundu, akaniomba kwa utaratibu nimletee kadi ya Mukonyo. Aliziweka karatasi mbili bega kwa bega, akazinyoosha kwa kiganja.

"Hii karatasi mbili haiwezi kuwa kweli zote," akasema. "Moja inadanganya. Mimi nataka tu kujua ni gani. Kama ni kadi, huyu mama alistahili kutoka miaka mitatu iliyopita. Kama ni gazeti, basi mwandishi wetu ametuchapia uongo, na mwongozo uko wazi. Jumatatu saa nne, wote wawili hapa. Utaandika kumbukumbu."

Ilikuwa Ijumaa. Nilimfuata Nzuki kule kwenye mizani, nikamweleza neno kwa neno. Alikaa juu ya robota akashika kichwa.

"Jumatatu utasema ulikosea," nikamwambia. "Sema ulichanganya habari za watu wawili. Sema ulitaka kupamba. Hakuna mwingine wa kumwokoa."

"Nitafukuzwa."

"Utafukuzwa, ndiyo. Una miaka ishirini na tisa, una cheti, una mkono wa kuandika. Taveta hapo kuna makampuni ya kusafirisha ndizi yanatafuta makarani kila msimu. Yeye anaenda wapi?"

Mkewe Ndulu alikuwa amejifungua wiki tatu kabla, hilo nalijua, na sikulitaja kwa sababu sikutaka kumpa mahali pa kujificha. Mwishowe akainua uso, macho mekundu.

"Nitasema," akaniambia. "Ule ni mama yangu. Nitasema nilikosea."

Nikamwamini. Jumamosi na Jumapili nilikuwa na raha kabisa, nikapika na biriani.

Jumatatu saa nne Mama Mukonyo alikuja na leso mpya mabegani. Alidhani, masikini, kwamba huenda meneja anataka kumpongeza. Nzuki alibisha hodi, akaambiwa karibu, akaketi kwenye ncha ya kiti. Bwana Maundu alimsomea yule mama mambo yalivyo, polepole, bila ukali, na mimi nikaona uso wa Mama Mukonyo ukielewa kidogo kidogo. Mikono yake ilishuka mapajani. Haikuinuka tena.

"Bwana Nzuki," akasema Maundu. "Wewe ni mwandishi mzuri na una tabia njema, kila mtu anajua. Ulichoandika kuhusu Uhuru ni kweli, ama ulikosea?"

Kalamu yangu ilikuwa tayari. Nilishaandika jina lake na nukta mbili, nasubiri tu lile neno moja.

Nzuki alimtazama Maundu. Akatazama ule mwongozo, uliokuwa umewekwa mezani mbele yake makusudi, mstari wa mwisho kwa herufi kubwa nilizozipiga mimi.

"Niliandika kama nilivyoambiwa, bwana," akasema. "Sikuongeza."

Nilitaka kumrushia kiti. Nilikuwa na hasira mpaka maandishi yangu ya siku ile hayasomeki.

Maundu akamgeukia Mama Mukonyo, na hapa ndipo nilipomjua yule mtu vizuri, kwa sababu alimfungulia mlango wa kujiokoa huku akitabasamu. "Mama, labda kijana amekukosea. Hawa waandishi wanapenda kutia chumvi. Kama hii ya mtoto wa tatu ni maneno yake, wewe sema tu. Kesho uko kazini, na yeye nitamalizana naye."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, na kadi inabaki kuwa kweli, na chumba kinabaki chake. Nilimtazama nikimwombea kwa Mungu aseme. Nzuki naye alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yamepanda hadi masikioni, anasubiri pigo. Nadhani alilitaka. Lingempumzisha.

Mama Mukonyo alimtazama pale kichwani, kwa muda.

"Mtoto anaendelea aje?" akamwuliza.

"Anaendelea vizuri, mwaitu," Nzuki akajibu, sauti haisikiki.

"Haya." Akamgeukia Maundu. "Huyu kijana hajaongeza kitu. Alinisomea mara tatu, nikasikia na hii masikio yangu. Mtoto wa tatu alikuwa mgongoni. Alikuwa anaitwa Muli. Alikufa na surua."

Bwana Maundu akamshukuru kwa ukweli wake. Akampa siku saba kutoka kwenye chumba, akasema kampuni haina kinyongo. Nzuki aliinuka akamfungulia mama mlango, akasimama kando ampishe. Hata hilo hakulisahau.

Mnafikiri imeishia hapo. Hapana. Jumatano Bwana Maundu alimwita Nzuki akamwagiza ukurasa wa Agosti uwe wa kumuaga Mama Mukonyo, kwa heshima, watu wa laini waone kwamba mambo yameenda vizuri. Laini ilikuwa inanung'unika. Kulikuwa na watu wengine kama kumi na moja wenye kadi za namna ile, na walikuwa wameanza kumwitikia Nzuki salamu bila kumtazama. Maundu alitaka maneno matamu, na Nzuki akaenda akayaandika. Kisha, kwa kuwa mwongozo unasema anayeandikwa lazima asomewe, ilimbidi aende akamsomee. Akaniomba nimsindikize. Nilienda, si kwa ajili yake.

Tulimkuta Mama Mukonyo Jumamosi asubuhi anafunga vitu. Kulikuwa na mjomba wa mbali huko Wusi aliyekubali akae kwenye kibanda cha mbuzi mpaka paonekane pengine. Mbuzi wenyewe walikuwa hawajahamishwa, alituambia, lakini watahamishwa. Kitanda alikuwa amemwachia jirani. Godoro lilikuwa limekunjwa sakafuni na yeye amelikandamiza kwa goti.

Nzuki alisimama mlangoni na karatasi yake, akaeleza kilichomleta, akaomba ruhusa ya kusoma. Mama Mukonyo akamwambia soma.

"Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi mwema," akasoma, na sauti yake ya kusomea ilikuwa nzuri kama siku zote, "Mama yetu Mukonyo ameamua kupumzika. Amechagua kurudi kwa jamaa zake, walioandaa makao ya kumpokea, naye anaondoka Kirwengo kwa furaha na shukrani."

Mama Mukonyo hakuacha kusukuma godoro kwa goti.

"Nani ameamua?" akauliza.

"Ni lugha ya gazeti tu, mwaitu. Ni kukuwekea heshima."

"Hayo makao, ni hiyo ya mbuzi?"

Nzuki aliinamia karatasi yake.

"Kwa hivyo hiyo umeandika ni uongo."

"Si uongo hasa, mwaitu. Ni…"

Mama Mukonyo aliinua uso akamtazama, na kwa kweli sikuona hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Kumbe uongo unajua kuandika, tena tamu hivyo," akasema. "Sasa Jumatatu, ilikushinda nini?"

Nzuki alibaki na karatasi mkononi. Mama Mukonyo alimngoja kidogo, akaniomba mimi nimshikie ncha ya kamba, tukafunga godoro.